Mwaka Ule Bosi Alipomfuata Nyemo

Jumapili ya tatu baada ya kumzika mume wangu, wifi yangu Nyemo alinikuta sebuleni, chai imepoa mbele yangu, akasema twende tukanyooshe miguu bwawani. Waombolezaji walikuwa wameshatawanyika, mikeka imekunjwa, masufuria ya kuazima yamerudi kwa majirani. Tuliobaki ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu, mimi mjane na yeye dada wa marehemu, na kusema kweli siku zote za msiba nilikuwa nimemwangalia kwa jicho la pembeni. Watu wakiingia walimwendea yeye kwanza. Wazee waliotoka Mvumi walimshika mkono wakampa pole ndefu kwa Kigogo, kisha wakanigeukia mimi na pole fupi ya Kiswahili. Yeye alipolia, ua mzima ulilia naye. Mimi nilipolia, waliniletea maji. Nimepita miaka hamsini, nimeishi na Lameki tangu nikiwa msichana, na bado nilikaa kwenye godoro la msiba nikiangalia nani anamkumbatia nani.

Bwawa la Swaswa la siku hizi limezungukwa na nyumba, na siku za mapumziko watu wanalijaza. Wapo vijana wanaokimbia na vitu vya muziki masikioni, wapo watumishi waliohamia na ofisi zao kutoka Dar es Salaam, na wengi wamekuja na mbwa. Mbwa wa mnyororo, mbwa wenye mikanda ya rangi, mbwa mmoja mdogo kama paka amebebwa kwapani. Hakuna anayewashangaa. Kijana mmoja alikuwa anakuja upande wetu na jibwa la rangi ya majivu, akasimama pembeni ya njia ili tupite. "Shikamooni," alisema. "Msiogope, haumi. Ila hapendi wageni, msimguse." Nyemo akaitikia marahaba, akateremsha mkono wake ubavuni bila hata kumtazama yule mbwa. Mbwa akanipita mimi, akaenda akaweka pua yake katika kiganja cha Nyemo na kutulia pale. Kijana akacheka, akasema hajawahi kuona. Mimi niliwahi kuona. Nilisimama pembeni na mtandio wangu wa msiba, nikaona wivu ule ule wa mwaka wetu wa kwanza kule Nzuguni, na nikajua kwamba haukuwahi kwenda popote.

Mwaka ninaousema tulikuwa tumehamia kwenye nyumba ya vyumba vitatu isiyo na dari. Mchana bati lilipata moto mpaka misumari ikalia, na upepo wa Dodoma uliingiza vumbi jekundu chini ya mlango hata ukifagia mara ngapi. Sebuleni kulikuwa na makochi mawili ambayo bado yalikuwa na nailoni ya dukani, kwa sababu Lameki alisema tukiitoa vumbi litayamaliza. Cherehani yangu ilikaa dirishani. Nilishona sare za shule na magauni ya komunyo. Jiko lilikuwa nje, la miti na mabati chakavu. Chumba cha tatu kilijaa mifuko ya saruji na vyuma vya Lameki. Nzuguni ya wakati huo ilikuwa vigingi vya viwanja katikati ya mashamba ya mtama na zabibu, jirani wa karibu yuko umbali wa kuita kwa sauti, na Lameki alikuwa dereva wa lori la kuchimbia visima. Akienda Singida au Chemba, anakaa wiki, wakati mwingine mwezi. Mimi nilitoka Upare, milimani, kwenye ukungu na migomba, sikuwa na ndugu hata mmoja katika mji huo. Aliporudi safari moja alishuka na boksi la sabuni, akaliweka juu ya kochi. Ndani kulikuwa na mtoto wa mbwa mwenye rangi ya udongo na sikio moja limelala. "Huyu ndiye bosi wako nikiwa sipo," akasema. Ndivyo alivyopata jina.

Bosi alikua haraka. Usiku alibweka inavyotakiwa, lakini asubuhi alikuwa na nguvu zisizo na kazi, alikula kandambili za mlangoni, aliburuta vitambaa vya watu, mpaka nikaona afadhali nitoke naye kabla sijaanza kushona. Nilimfunga kamba ya katani shingoni, tukapita nyuma ya nyumba kwenye vigingi, tukakatisha shamba la zabibu la mzee mmoja, tukaingia msituni. Ulikuwa msitu wa miiba, migunga na mikambala, na njia zake zilikuwa za ng'ombe. Asubuhi ulikuwa na harufu ya mavumbi yaliyolala na maua madogo ya njano. Ukitembea taratibu unamaliza msitu jua likiwa bado si kali, halafu ghafla miti inakwisha na bwawa lipo mbele yako, maji ya rangi ya chai ya maziwa, korongo wamesimama kwenye matope, wanawake wamepiga magoti wanafua. Wanawake hao walinishangaa kuliko walivyowahi kushangaa kitu.

"Unampeleka wapi huyo?" aliniuliza mmoja siku ya kwanza.

"Simpeleki popote. Tunatembea tu."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi ameiba." Wote wakacheka. "Anaitwa nani?"

"Bosi."

"Ahaa. Kumbe yeye ndiye anayekutembeza wewe."

Sikuona vibaya. Wakanizoea, wakawa wananiuliza habari za bosi wangu kila nikipita. Na niseme kwa nini niliipenda ile njia. Nilikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto. Kanisani waliniangalia tumbo kabla ya uso. Kule msituni hakuna aliyeangalia chochote, na kiumbe aliyekuwa ananitangulia alikuwa anageuka kila baada ya hatua chache kuhakikisha kwamba nipo. Ndani ya Dodoma nzima ni yeye tu aliyeijua sauti ya miguu yangu. Nikichelewa dukani nilimkuta ameketi kwenye kigingi cha mpaka, shingo imenyooka. Hicho kilikuwa changu. Nyumba ilikuwa ya Lameki, kiwanja cha Lameki, lugha ya mji ilikuwa ya ndugu zake. Mbwa alikuwa wangu.

Nyemo alikuja baada ya mavuno. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri nafasi ya chuo cha uuguzi, na mama yake, yaani mama mkwe wangu, alisema si vizuri mimi nikae peke yangu wakati mume yuko porini. Mifuko ya saruji ikahamishwa, chumba cha tatu kikapigwa deki, kikawekwa kitanda cha kamba. Alishuka na begi moja, mfuko wa karanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikuwa mrefu, mwenye meno meupe yaliyoachana mbele kidogo, na alitembea kama mtu ambaye hajawahi kuombwa atoke mahali. Alinisalimia vizuri, akapiga goti. Bosi alibweka mara moja. Nyemo akapiga mluzi, mluzi mfupi wa wachunga ng'ombe, unaoanzia chini na kukatika juu. Bosi akanyamaza. Akainamisha kichwa, akamwendea huku anatikisa mwili mzima.

"Mbwa mzuri, wifi," alisema. "Wa nani?"

"Wa kwangu," nikasema.

Kwetu Upare mwanamke hapigi mluzi. Bibi yangu alisema unaita nyoka. Nilijaribu jioni moja nikiwa bafuni, nikatoa pumzi na mate.

Mwanzoni tulikwenda matembezini watatu, mimi nimeshika kamba, Nyemo nyuma. Baada ya muda akasema kwa nini tumfunge kamba, ng'ombe wenyewe hawafungwi. Akaifungua. Tangu siku hiyo Bosi alikwenda mbele, na alipogeuka kuangalia nyuma, sikuwa na uhakika anamtafuta nani. Halafu nikawa na uhakika. Nikapata kazi nyingi za sare mwanzo wa muhula, na Nyemo akasema, "Wewe shona, wifi, mimi nitamtembeza." Ungefikiri ni msaada. Nilikaa dirishani nikikanyaga cherehani, nikawaona wanavyopotelea kwenye zabibu, na wakirudi mbwa ana furaha ya mahali nisipokuwapo, ana matope ya bwawa miguuni. Alinipita mlangoni kama unavyompita mlinzi wa benki.

Na Lameki naye. Aliporudi safari, zamani alikuwa akikaa na mimi jikoni wakati ninapika, ananisimulia visima vilivyotoa maji ya chumvi. Sasa kulikuwa na Nyemo. Nyemo alisonga ugali wa uwele mgumu unaokatika kwa vidole, akapika mlenda wa kukausha na karanga nyingi kama wa mama yao, na Lameki alikula akafumba macho. "Huu," alisema, "huu sasa." Mimi nilikuwa nimempikia mlenda miaka mitatu na hakuwahi kufumba macho. Wakianza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, baada ya matonge mawili wanateleza kwenye Kigogo, wanacheka, wananikumbuka, wanarudi kwenye Kiswahili na kusema, "Tunamkumbuka mjomba mmoja tu," halafu wanateleza tena. Nikawa nasikiliza. Nikiwa nafagia, nikiwa napeta mchele, niliokota neno moja moja na kulitunza. Watu husifu mapenzi kwamba hufundisha lugha. Mimi Kigogo nilifundishwa na wivu, na ni mwalimu mzuri sana.

Safari moja Lameki alirudi na doti ya khanga, nyekundu na nyeusi, ameinunua Singida. Niliiona ikitoka kwenye begi nikainua mikono. Akachukua mkasi wangu wa cherehani, akaikata katikati, kipande kimoja akanipa mimi, kingine akampa dada yake. "Mtapendeza mkitoka pamoja," alisema. Alikuwa anatabasamu, hakuwa na hila hata kidogo, na ndiyo maana sikuweza kumwambia kitu. Nilisema asante. Nyemo akajifunga chake hapo hapo, akazunguka sebuleni, na Bosi akamzungukia akibweka. Mimi nilikunja changu nikakiweka chini kabisa ya sanduku.

Kwa Lameki sikuwa na la kufanya, alikuwa damu yake. Lakini mbwa niliamua kumrudisha. Nilikwenda buchani nikanunua maini, si mabaki, maini ya kula watu, nikayachemsha bila chumvi nikamwita Bosi jikoni mlango umefungwa. Alikula taratibu kwa adabu, akalamba sahani, akalamba mkono wangu. Nikafurahi. Kisha akaenda kwenye mlango, akakwaruza mpaka nikafungua, akatembea moja kwa moja mpaka chumba cha tatu akajilaza kizingitini, akaweka kidevu juu ya kandambili ya Nyemo. Nikarudia siku ya pili. Siku ya tatu muuza nyama akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani.

Kwa hiyo asubuhi moja nikaamka mapema, nikamfunga Bosi kamba, nikatoka bila kumwambia mtu. Lameki alikuwa safarini. Tulifika katikati ya msitu, tuko wawili kama zamani, na ni kweli kwa muda mfupi alitembea ubavuni kwangu na sikio lake limelala, nami nikawa naongea naye, nikimwambia mambo ya kipuuzi. Halafu nyuma yetu nikasikia mluzi. Bosi alishtuka kwa nguvu hivi kwamba kamba ilinichuna kiganja. Ikaniponyoka. Nilipogeuka, Nyemo alikuwa anakuja mbio kwenye njia ya ng'ombe, amejifunga kile kipande cha khanga, na mbwa wangu amemrukia kifuani.

"Wifi, mbona hukuniamsha?" alisema, anahema. "Nimeogopa. Nimekuta mlango wazi."

"Mpaka huku umenifuata?"

"Nilidhani kuna tatizo."

"Tatizo ni wewe," nikasema. Yakatoka yote. Nikamwambia amekuja na begi moja na sasa hakuna kitu ndani ya nyumba ile ambacho hajakishika. Jiko amechukua, kaka yake amemchukua, mpaka khanga yangu nusu yake iko kiunoni mwake. "Nilikuwa nimebaki na mbwa. Hata mbwa, Nyemo? Huyo naye ulimtaka wa nini?"

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nilipoutazama uso wake niliona jinsi alivyo mdogo, lakini sikuwa nimemaliza kukasirika. Alimshusha Bosi, akaiokota kamba mavumbini, akaja akaniwekea mkononi, kwenye kile kiganja kilichochunika. Kisha akageuka akarudi nyumbani peke yake. Bosi alilia akivuta kamba. Nilimburuta mpaka bwawani na kurudi.

Baada ya hapo Nyemo alinipa kila kitu. Hakupiga mluzi tena. Bosi akilala mlangoni kwake alifunga mlango. Jikoni alisubiri nimwambie la kufanya, mezani alinyamaza, na alipokuja Lameki alimjibu kwa Kiswahili, akasema kichwa kinamuuma. Kila asubuhi nilitoka na mbwa wangu, nilikuwa nimeshinda. Nyumba ikawa kimya hata nikawa nasikia nailoni ya makochi ikilia nikikaa. Na yeye akaanza kupungua mwili. Nilijiambia ni joto.

Siku moja, tukiwa tumetoka msituni na kukaribia maji, Bosi alivuta kamba kuelekea upande ambao mimi huwa sipiti, upande wa bustani za mboga. Nikamwachia nione. Alikimbia kwenye matuta ya mchicha bila kukanyaga hata jani moja, kama mtu anayejua njia ya kwao, mpaka kwa kijana aliyekuwa anamwagilia kwa ndoo. Kijana akagonga ulimi wake juu ya kaakaa, sauti kama ya kuvunja kijiti, na Bosi akalala chali miguuni kwake. Alikuwa mwembamba, ana kofia ya kufuma na kaptula iliyolowa. Akaniamkia. Akatazama nyuma yangu, kwenye njia. Akatazama tena.

"Umekuja peke yako, dada?"

"Nilitakiwa nije na nani?"

Akatua ndoo. "Wewe ndiye wifi yake," alisema. "Alinisimulia. Alisema unashona vizuri kuliko mafundi wa mjini." Akafuta mikono kwenye kaptula. "Nyemo anaumwa? Sijamwona. Nimekuwa naogopa kuja kuuliza."

Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema anaitwa Issa, kwao ni Busi, upande wa Kondoa; baba analima huko, mama yake ni Msandawe, watu wenye lugha ya kugonga ulimi, ndiyo maana anaongea hivyo na mbwa. Alisema kila jambo wazi kama mtu aliyekwisha kujiandaa kuulizwa. Walikuwa wamefahamiana hapo hapo mchichani, asubuhi baada ya asubuhi, Bosi akiwa katikati. Hakuna baya lililotokea, alisema, na nikamwamini kwa sababu ya jinsi alivyokuwa amekaa mbali nami, mikono imeshikana. Nilinunua mafungu mawili ya mchicha ambao sikuuhitaji. Hakutaka kuchukua hela.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nachemka. Kwanza niliona nimedanganywa: mbwa hakuwa akimfuata Nyemo kwa mapenzi tu, alikuwa akifuata matembezi yenye mtu mwishoni mwake. Kisha ikanijia polepole, tamu, kwamba nimepata silaha. Binti wa mwinjilisti wa Mvumi na Mwislamu wa bustani za Swaswa. Neno moja tu kwa mama mkwe, na Nyemo angefunga begi lake siku hiyo hiyo. Na mama mkwe alikuwa anakuja wiki ile.

Alikuja na Lameki kwenye lori, na mfuko wa mlenda wa unga na kuku amefungwa miguu. Jioni walikaa sebuleni, mama na watoto wake wawili, mimi nikiwa jikoni nasonga ugali. Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Sentensi yangu nilikuwa nimeshaipanga kwa Kigogo, nimeirudia juu ya mvuke wa sufuria ili isije ikanikwama. Nikachukua sinia, nikavuka ua, nikafika mlangoni, na ndani nikamsikia mama akimuuliza Nyemo. Kigogo changu kilikuwa kimefika hapo, nilielewa yote. Alimuuliza mbona amekonda hivyo. Alimuuliza kama huyu mwanamke wa Kipare anamtesa. Akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha, kwamba kama anamtesa amwambie sasa, kwa sababu hata mtoto hajaleta, na Lameki si mzee, hakuna aliyemfunga.

Lameki akasema, "Mama." Basi, neno hilo moja.

Sinia lilikuwa zito. Nilingoja. Nilijua Nyemo atasema nini, kwa kuwa mimi ningelisema: kule msituni nilimpa maneno ya kutosha kunifukuzisha. Kuku alijigonga nyuma ya mlango.

"Wifi hanitesi," Nyemo alisema. "Wifi ndiye rafiki yangu hapa. Mkimtoa yeye, mimi sirudi kwenu, nitamfuata Upare."

Niliingia. Niliweka sinia mezani, nikamnawisha mama mikono, nikamnawisha Lameki, nikamfikia Nyemo nikamwagia maji vidole vyake polepole. Hakunitazama, hakujua kama nimesikia. Mama akaonja. "Mlenda umepungua chumvi," alisema kwa Kiswahili. Nikasema ni kweli, mama, nikarudi jikoni kuchukua chumvi, na ile sentensi yangu ya Kigogo nikaiacha huko.

Mama alipoondoka, asubuhi yake nilimkuta Nyemo anaosha vyombo. Nikamwekea kamba ya Bosi begani.

"Leo nina nguo za watu," nikasema. "Mtembeze wewe. Na ukipita bwawani, mboga zimeisha. Chukua kwa yule kijana wa Busi."

Sufuria likamponyoka. "Kijana gani?"

"Anayekuulizia."

Alisimama, povu limemjaa mpaka kwenye viwiko. Akaanza, "Wifi, mimi..." nikamkatiza, nikamwambia aende kabla jua halijapanda. Akapiga mluzi. Nilisimama dirishani nikawatazama wakiingia kwenye zabibu, msichana anatembea, kisha anakimbia, mbwa mbele yake. Napenda kusema kwamba niliona amani. Nilikuwa nimeegemea cherehani na wivu umenikaba, isipokuwa ulikuwa umehama: sasa sikumwonea kwa ajili ya mbwa, wala kwa ajili ya Lameki. Nilimwonea kwamba mwisho wa ile njia kuna mtu amesimama na ndoo, anaangalia upande atakaotokea.

Aliitwa chuoni kabla mwaka haujaisha. Bosi alikaa siku kadhaa bila kula vizuri, kisha akala, na maisha yake yaliyobaki, ambayo yalikuwa marefu, alitembea na mimi tu. Issa alisubiri masomo yaishe. Mama mkwe alikataa, wakafunga ndoa bomani bila yeye, na ilibidi azaliwe mjukuu ndipo alipopanda basi la Kondoa kwenda kumwona. Mtoto wangu naye alikuja, mmoja, baada ya watu kuacha kuuliza.

Haya yote niliyapitia kichwani nikiwa nimesimama kwenye njia ya bwawa, mpaka yule kijana alipofanikiwa kumvuta jibwa lake, akaaga. Tulitembea kidogo, tukatafuta jiwe tukakaa. Hapo simu ya Nyemo ikaita. Alikuwa Issa, kutoka Busi. Simu yake ina sauti kubwa, nilisikia kila kitu.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai na muhogo."

"Muhogo tu? Na wifi amekula?"

"Hajala."

"Mlazimishe. Dawa yako ya presha umekunywa? Huku mvua imenyesha kidogo, nimepanda yale maharage, lakini sijui ulisema upande gani."

"Upande wa choo, Issa. Nilikuambia."

"Basi nimekosea."

"Utakuwa umekosea, ndiyo."

Nyemo aliendelea kumlalamikia kuhusu maharage, na mimi nikageuza uso nikatazama maji. Watu walikuwa wanapita na mbwa wao, wengi, wa kila aina. Sikuwaangalia. Nilikuwa nasikiliza sauti ile ya mwanamume anayeuliza muhogo tu, na nikamwonea wivu Nyemo kama sijawahi kumwonea siku zote nilizomfahamu. Alipokata simu alinitazama usoni, akaelewa, maana hajawahi kuwa mjinga. Hakusema pole. Alisogea kwenye jiwe mpaka bega lake likagusa langu.

"Wifi," alisema, "umekula?"

Nikamwambia sijala, na kwamba nina njaa.